Wa Nne Naye Ahesabiwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kinachonikumbusha si kebo wala bomba, ni koti. Lilikuwa koti kuukuu la kaki, la bawabu wa kiwanda kimoja cha nyuzi pale Thika, na kila asubuhi lilitundikwa kwenye kitasa cha mlango wa chuma. Nikilifikiria mpaka leo mgongo wangu husisimka. Nitakueleza sababu, ila uwe na subira. Mimi niliishia darasa la nane, na kalamu yangu hutembea kama ng'ombe wa Gatuanyaga wakati wa kiangazi: hufika, lakini haikimbii.

Wiki iliyopita tulikuwa tunachimba mtaro hapa Ruiru, na mmoja wenu akaniuliza, "Mzee, kwani bomba si bomba tu? Tukipata kubwa tunaweka kubwa, tukipata ndogo tunasukuma." Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, maana aliyesema hivyo ana mdomo mtamu. Lakini nilipofika nyumbani nilikosa hamu ya chakula. Nikamwambia mama watoto anitafutie daftari.

Nisamehe pia kwa kukuita mwanangu. Mvi zangu bado zinahesabika. Lakini kazi hii ya kupitisha stima kubwa chini ya ardhi imenipa wana wengi kuliko nyumba yangu, na neno ninalotaka kusema halisemeki kwa mtu baki.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Barabara kuu ya Thika ilikuwa bado nyembamba, na Mwihoko, nilikopanga chumba, palikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba za ghorofa. Nilikuwa mchimba mitaro. Nilikuwa pia mtu wa haya, haya ya kupita kiasi. Ukiniuliza jambo mbele ya watu watatu, ulimi ulikuwa unakauka kama ngozi iliyoanikwa. Kazini waliniita Kimya. Jina hilo nilipewa na Njoki, mwanamke pekee katika kundi letu, aliyevuta kamba kuwashinda wanaume na kusema kuwashinda wanaume wote wakijumlishwa.

"Huyu," alikuwa akiwaambia watu, "hata akiumwa na siafu atangoja wamalize."

Fundi wetu mkuu alikuwa Mzee Balbir. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa hapohapo Thika, mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha bluu, na Kikuyu alikijua mpaka mafumbo yake. Dini yake haimruhusu kuvua ile bangili ya chuma ya mkononi, nayo stima haina urafiki na chuma. Basi kila asubuhi kabla ya kazi aliketi juu ya kisanduku chake akaizungushia bangili utepe mweusi, polepole, raundi baada ya raundi, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda. Hatukuanza kazi kabla hajamaliza. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yetu ya asubuhi.

Sijui aliona nini kwangu. Nadhani ni kile kijiti changu. Nilikuwa na kijiti nilichokitia alama kwa kisu, na nilipimia kina cha mtaro kila hatua kumi, bila kuambiwa na mtu. Siku moja akasimama juu ya mtaro akanitazama.

"Kijana, shule ulifika wapi?"

"Darasa la nane, Mzee."

"Kuzidisha unajua?"

"Najua."

"Basi unatosha. Toka huko chini."

Akanipa chombo chake cha kupimia unene, kile mafundi wanachokiita vanea, akanifundisha hesabu ambayo nawafundisha ninyi hadi leo. Pima upana wa bomba kwa ndani, si kwa nje, uzidishe kwa wenyewe. Pima unene wa kila kebo pamoja na ganda lake, uzidishe kwa wenyewe, kisha ujumlishe kebo zote. Hiyo jumla ya kebo isizidi sehemu nne kati ya kumi za bomba.

"Na zile sita zilizobaki?" Njoki alidakia.

"Za kupumua."

"Hakuna mtu anaishi kwa bomba, Mzee."

"Kebo ya volti elfu kumi na moja inapata joto, Njoki. Na wakati wa kuvutwa inapita kona. Mkilala watu wanne kwa kitanda kimoja, mtageuka namna gani?"

"Kwetu tulilala watano," Njoki akajibu, "na tuligeuka kwa amri ya mama!"

Mzee Balbir alicheka mpaka kilemba kikainama. Kisha akaniambia maneno yaliyonifanya nisilale vizuri, kwa furaha. Alisema kiwanda cha nyuzi kinaleta transfoma mpya nyuma ya ghala, na stima itatoka chumba cha swichi karibu na geti, ipite chini ya yadi ya malori. Bomba la njia hiyo nitalichagua mimi. Nikifanya vizuri, atanipeleka kufanya mtihani wa ufundi, na fomu atatia sahihi yeye mwenyewe. Kwa mtu wa darasa la nane, mwanangu, huo ulikuwa mlango uliofunguliwa na mtu anayekushika mkono.

Nikaenda stoo. Kebo tatu kubwa zilikuwa zimeshafika, kila moja imezungushwa kwenye dramu lake la mbao. Nikapima ya kwanza, unene milimita thelathini na saba. Ya pili vilevile, na ya tatu vilevile. Thelathini na saba kwa thelathini na saba ni elfu moja mia tatu sitini na tisa. Mara tatu ni elfu nne mia moja na saba. Nikapima lile bomba linaloitwa la mia na kumi. Huitwa hivyo kwa upana wa nje, lakini ndani lina mia na tatu. Nikazidisha nikapata elfu kumi mia sita na tisa. Sehemu nne kati ya kumi zake ni elfu nne mia mbili arobaini na tatu.

Zinaingia! Nafasi inayobaki ni ndogo, lakini zinaingia. Niliandika hesabu yote juu ya kipande cha katoni, kwa mwandiko wangu wa taratibu, nikampelekea Mzee.

Akaikagua. "Kuzidisha ni sawa. Umehesabu wote?"

"Wote, Mzee."

Na wallahi sikuwa ninadanganya. Nilikuwa nimehesabu zote nilizoziona.

Tukalaza mabomba ya mia na kumi kutoka getini hadi nyuma ya ghala, na kona mbili. Jumatano tukamwaga konkriti juu yake, sehemu yote ya yadi, ili malori yasiyaponde. Alhamisi asubuhi pikapu ikaja kutoka stoo ya Ruiru na dramu moja dogo. Ndani yake palikuwa na waya wa kijani wenye mstari wa manjano.

Ulikuwa waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita athi. Wewe unaujua, lakini niuseme kwa ajili ya mdogo wako atakayesoma. Kebo tatu kubwa ndizo zinazobeba stima. Huu wa nne haubebi kitu siku za kawaida. Umefungwa kwenye kila chuma kinachoweza kushikwa na mtu, mwili wa transfoma, mlango, fremu. Siku ganda la kebo likipasuka na stima ikavuja kwenye chuma, ni huu unaoibeba na kuirudisha upesi ilikotoka, na swichi ikakata kabla mtu hajaumia. Ndiyo sababu husafiri ndani ya bomba moja na wenzake watatu, bega kwa bega. Tena lazima usafiri mzima, bila kukatika popote.

Nami sikuwa nimeuhesabu.

Nikachukua vanea nikaupima, milimita kumi na nane. Mia tatu ishirini na nne. Nikajumlisha kichwani, nikapata elfu nne mia nne thelathini na moja. Imepita mpaka. Nikajumlisha tena, nikidhani labda namba zitanihurumia. Hazikunihurumia.

Njoki alikuwa anapita na ndoo. "Kimya, umeona nyoka?"

"Hapana."

"Basi mbona umesimama kama posti ya stima?"

"Hakuna kitu."

Hapo, mwanangu, ndipo kosa langu lilipozaliwa. Halikuzaliwa siku ya kupima. Siku ya kupima nilisahau, na hakuna aliyeumbwa asiyesahau. Lakini Alhamisi nilijua. Niliangalia konkriti ya jana, bado ina unyevu, nikaona nyundo zikiivunja, na Mzee akiwaeleza wenye kiwanda. Nikaiona ile fomu ya mtihani ikichanwa. Nikajiambia imezidi kidogo tu, labda itapita, Mungu ni mkubwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha yangu Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili kanisani nikayaombea yasijulikane.

Jumatatu tukaanza kuvuta. Mzee Balbir aligundua kwamba mafuta ya kulainishia kebo yamepungua, akaamua kwenda mwenyewe Ruiru kuyachukua.

"Anzeni polepole," akatuambia. "Mkiona nzito, simameni. Kebo si punda."

Aliyebaki kutuongoza alikuwa Waweru, msaidizi wake. Hakuwa mtu mbaya, nakuomba usimchukie. Alikuwa mtu wa mbio tu, asiyependa kazi imshinde mbele ya watu. Tukafunga nyaya zote nne kwenye kamba, watu kumi tukashika.

"Harambeee!"

"Hee!"

Kona ya kwanza zikapita kwa kuguna. Kona ya pili zikakwama. Tukavuta tena, kamba ikalia kama mlango mkavu, na hakuna kilichosogea. Njoki akaachilia mkono. "Mzee alisema tukiona nzito tusimame. Hii si nzito, hii imekataa."

Tukazirudisha nyuma. Ule waya wa kijani ulitoka na mchubuko mrefu ubavuni. Ulikuwa umejipenyeza kati ya wakubwa wake kama kabari. Nilijua sababu. Watu tisa walikuwa wanakuna vichwa, na mimi najua sababu, nimenyamaza.

Waweru akainama akautazama mchubuko. Akasema, "Hii ya kijani ndio inatusumbua. Na haibebi stima. Tuiache nje, tuvute hizi tatu."

"Mzee je?" Njoki akauliza.

"Mzee ataona kijani huku, ataona kijani kule. Tunakata vipande viwili, tunachomeka kimoja kila mwisho. Katikati ataona nani? Fuko?"

Watu wakacheka. Njoki hakucheka. "Waweru, hiyo ni kitu ya kuuliza Mzee."

"Wewe vuta kamba, Njoki. Hebu Kimya, shika msumeno."

Nikaushika. Sikia vizuri, maana nikikuficha hili hakuna haja ya kuandika mengine. Ni mimi niliyekata. Vipande viwili, kila kimoja urefu wa mkono na nusu. Zile tatu zikavutwa, zikapita bila kelele, na watu wakapiga makofi. Nikachomeka kipande kimoja cha kijani kwenye mdomo wa bomba upande wa geti na kingine upande wa transfoma. Vilikaa vizuri kabisa. Ungepita hapo ungesema hawa mafundi wamefunzwa.

Nilipokuwa bado nimepiga magoti upande wa transfoma, akaja Mzee Mutua, bawabu, ameshika chupa yake ya chai. Akavua koti lake la kaki akalitundika kwenye kitasa cha ule mlango mpya wa chuma tuliouweka kwenye chumba cha transfoma. Kisha akakaa chini, akaunyoosha mguu wake mbovu, na mgongo wake wote akauegemeza kwenye mlango.

"Karibu chai, kijana. Huu mlango wenu umenipenda. Jua la asubuhi linaupiga, nao unanipasha mgongo. Tangu muuweke, sijaenda kununua dawa ya kuchua."

Akanimiminia kwenye kifuniko. Nilikipokea lakini sikuweza kunywa. Nilikuwa naangalia mgongo wake na kile chuma. Waya ambao ungefungwa nyuma ya mlango huo ulikuwa unaingia ardhini urefu wa mkono na nusu, kisha hakuna kitu. Siku stima ikivuja, chuma hicho kitakaa na stima yake, kinangoja. Na kila asubuhi mzee huyu ataleta mgongo wake, akiegemee, akifurahie. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini hapa mguu haungekuwa wangu.

Pikapu ikarudi. Mzee Balbir akashuka na debe la mafuta begani, Waweru akamkimbilia.

"Mzee, rudisha mafuta! Tumemaliza bila!"

"Zote nne?"

"Zote nne, Mzee. Njoo uone."

Akaja. Akachuchumaa, akaishika ile ncha ya kijani kwa vidole viwili, akaipapasa kwa upendo, kama mtu anayeshika sikio la mjukuu. "Kazi safi," akasema. Akageuka akanitafuta. Akatoa mfukoni karatasi ya kazi na penseli.

"Kimya, hii ni kazi yako. Andika: nyaya nne, zimepita. Halafu uweke jina lako, si langu."

Nikaishika penseli. Waweru alikuwa nyuma ya Mzee, ananikazia macho. Njoki alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee Mutua alikuwa anafunika chupa yake ya chai, mgongo bado kwenye mlango. Mwanangu, nimeandika polepole maisha yangu yote, lakini siku hiyo hata herufi ya kwanza haikuja.

"Ni tatu," nikasema.

"Sema kwa nguvu, sisikii."

"Ni tatu, Mzee. Wa nne hayupo."

Nikainama nikauvuta ule waya wa kijani. Ukatoka mkononi mwangu kama shina la mahindi lisilo na mizizi.

Kisha Waweru akaropoka, "Aiya, Kimya! Leo ndio umepata mdomo?"

Nikaona kwamba nikiishia hapo nitakuwa nimemtupia Waweru mzigo wote, na wangu nimeuficha chini yake. Nikasema yaliyobaki. Kwamba bomba ni dogo, kwamba niliyelichagua ni mimi, kwamba sikuuhesabu waya wa ardhi, na kwamba nilijua tangu Alhamisi. Msumeno nao nilikuwa nimeushika mimi. Nilisema yote hayo kwa pumzi moja, naye Njoki baadaye aliapa kwamba yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema tangu anijue.

Nilitegemea anifokee. Mzee Balbir hakunifokea. Alichukua msumeno, akakata kipande kifupi cha kila kebo kutoka kwenye mabaki, vipande vinne, kila kimoja urefu wa kiganja. Akavifunga pamoja kwa uzi. Akaokota kipande cha bomba la mia na kumi, akavitumbukiza ndani, akaliinua bomba lielekee jua.

"Tazama. Mwanga uko wapi?"

Nikatazama. Palikuwa na mwanga, lakini ulikuwa umebanwa pembeni.

"Siku ya kupima ulisahau," akasema. "Kusahau tunasamehe hata kabla hujaomba. Lakini tangu Alhamisi hukuwa umesahau. Ulikuwa umeficha. Kusahau na kuficha si kitu kimoja, kijana. Aliyesahau amekosa macho. Aliyeficha ana macho, na ameamua mwenzake ndiye atakuwa kipofu."

Akaizungusha bangili yake yenye utepe.

"Wanakuita Kimya. Mimi sina ubaya na kimya. Huyu wa kijani naye ni kimya. Mwaka mzima habebi kitu, hakuna anayemsifu, hata hesabuni anasahauliwa. Ataitwa siku moja tu. Na siku hiyo asipoitika, mtu anakufa. Leo umeitwa. Umechelewa kuitika, lakini umeitika."

Kisha akamgeukia Waweru. "Wewe nenda ukae na Mzee Mutua pale, uegemee mlango, akupe chai. Ukimaliza kunywa, urudi uniambie kama hii ya kijani haina kazi."

Waweru alienda. Alikaa muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Aliporudi alichukua sururu tu.

Mzee alinichukua hadi ofisi ya wenye kiwanda. Njiani nilimwomba msamaha, naye akasema jambo ambalo nimelibeba miaka yote: "Na mimi nina fungu langu. Nilikuuliza, umehesabu wote? Nilipaswa kuuliza, umehesabu wangapi? Ungejibu watatu, na tungemjua aliyekosekana." Mbele ya mwenye kiwanda alisema "tumekosea", hakusema "kijana amekosea". Mwenye kiwanda alipandisha sauti, na alikuwa na haki, maana malori yake yalikaa nje ya yadi siku tatu.

Siku hizo tatu tulivunja konkriti. Wahenga husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijifunza kwamba kuna wakati ufa huzibwa kwa kubomoa. Nilipiga nyundo mpaka viganja vikapasuka, na kila nilipoinua macho nilimwona Mzee Balbir, na ndevu zake zile, akipiga nyundo upande wa pili. Hakuna aliyemwambia apumzike. Tuliogopa angeuliza kwa nini.

Tukalaza bomba la mia na sitini, ambalo ndani lina mia na hamsini. Nilipiga hesabu mbele ya watu wote, kwa sauti. Mia na hamsini kwa mia na hamsini ni elfu ishirini na mbili na mia tano, na sehemu nne kati ya kumi zake ni elfu tisa. Nyaya nne ni elfu nne mia nne thelathini na moja. Njoki akapaza sauti, "Wangapi?" Nikajibu, "Wanne!" Wakacheka, na mimi nikacheka. Tulipozivuta, zilipita zote nne kwa kamba ya watu watano, bila mtu kuita harambee. Waya wa kijani ulikuwa mpya na mzima kutoka mwisho hadi mwisho, na Mzee aliupima kwa mita yake mara mbili kabla hajaniruhusu kuandika jina.

Mwaka huo sikupelekwa kwenye mtihani. Sitaki udhani kusema kweli hulipwa papo hapo. Nilirudi mtaroni na kijiti changu miezi mingi. Lakini asubuhi moja, Mzee alipokuwa anafunga utepe kwenye bangili yake, aliniita bila kuinua macho, akanyoosha mkono, na ndani ya mkono mlikuwa na ile vanea. Mwaka uliofuata nilifanya mtihani nikapita, na fomu ilikuwa na sahihi yake. Waweru ndiye aliyenisindikiza, akanishikia begi, na kunitania njia nzima kwamba wakiniuliza majina yangu nisisahau la nne.

Mzee Balbir alipoacha kazi kwa sababu ya magoti, alinipa kile kifurushi cha vipande vinne. Uzi nimeubadilisha mara nyingi, lakini vipande ni vilevile. Ndicho kile mnachokiona kikining'inia kwenye kisanduku changu, ambacho mmoja wenu alidhani ni dawa ya kufukuza wezi. Kabla bomba halijaagizwa, tunatumbukiza vipande ndani ya kipande cha bomba la aina hiyo, tunainua juani, na kila mtu anatazama. Nimeona vijana wakichoka na jambo hilo. Chokeni tu, lakini tazameni.

Basi neno langu ni hili, mwanangu, na nimelizungukia mpaka daftari linakaribia kuisha. Unapopanga nafasi, iwe ya kebo, ya nyumba au ya watu, usihesabu wale wanaoonekana tu. Muulize mwenzako ni wangapi, usimuulize kama ni wote. Mtafute yule asiyepiga kelele, umwekee nafasi yake kabla ya kumwaga konkriti. Acha pumzi, usijaze kila kitu kwa sababu kimeingia. Ukisahau, sema siku hiyohiyo, maana Alhamisi kosa lilikuwa na ukubwa wa kipande cha katoni, na Jumatatu lilikuwa na ukubwa wa yadi nzima. Na kama wewe ni mtu wa haya kama mimi, usihangaike kujifanya msemaji. Kaa na kimya chako. Lakini siku ukiitwa, uitike, hata kwa sauti ndogo, hata kama neno lenyewe ni moja tu: tatu.

Nenda sasa, kesho tuna mtaro. Mungu akupe mkono unaopima bila kuchoka, akupe mwalimu atakayepiga nyundo upande wako wa pili, na kila mgongo utakaoegemea kazi yako, wa mtu usiyemjua wala asiyekujua, upate joto la jua tu.